Kapteni FitzRoy na Habari za Upepo

Rubani anapokaribia kutua, mwongoza ndege aliye mnarani humwambia kwa redio upepo unatoka upande gani na nguvu yake ni noti ngapi. Tena humpa kanieneo ya hewa, ili arekebishe chombo kinachomwonyesha kimo chake. Nilipotafuta ni akina nani walioanzisha desturi hii, kwamba mtu wa nchi kavu amwonye msafiri juu ya upepo, nilimkuta Robert FitzRoy.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1805. Wengi humjua kwa kuwa alikuwa nahodha wa Beagle, meli iliyomzungusha Darwin duniani tangu 1831 hata 1836. Baadaye akawa Gavana wa New Zealand. Hayo nayapita, maana kazi yake kubwa ilikuwa bado.

Mwaka 1854 alipewa ofisi ndogo ya serikali ya kukusanya habari za hali ya hewa baharini. Kisha, Oktoba 1859, tufani ikaivunja meli Royal Charter katika pwani ya Anglesey. Watu zaidi ya 400 walikufa, nao walikuwa wametoka Australia na wamekaribia kufika kwao. FitzRoy alitambua kwamba tufani husafiri, lakini simu ya nyaya huipita mbio. Basi akapanga vituo vya pwani vimpelekee kila asubuhi vipimo vya barometa na vya upepo. Tangu Februari 1861, akiona hatari, alipeleka simu bandarini, na huko wakatweka mlingotini koni nyeusi: ncha juu, tufani ya kaskazini, ncha chini, ya kusini. Usiku walitumia taa. Jambo hili lanipendeza sana, kwa kuwa hata baharia asiyejua kusoma alielewa.

Agosti mwaka ule ule gazeti la The Times likaanza kuchapa utabiri wake. Ulipokosea, watu walimcheka. Mimi naona walimwonea. Vituo vyake vilikuwa vichache, wala hakuwa na habari kutoka katikati ya bahari ya Atlantiki. Angewezaje kupata sawa kila siku?

Mali yake ilikuwa imekwisha katika utumishi, masikio yakawa mazito, na moyo ukalemewa. Tarehe 30 Aprili 1865 alijiua. Mwaka uliofuata maonyo yakakomeshwa. Watu wa baharini wakalalamika, hata yakarudishwa mwaka 1867. Na tangu 2002 eneo moja la bahari, upande wa magharibi wa Ufaransa na Hispania, huitwa FitzRoy katika taarifa za hali ya hewa ambazo Waingereza huwatangazia mabaharia.