Elijah Masinde: Mlinzi wa Kumbukumbu ya Chetambe

Jina la Elijah Masinde si geni masikioni mwa mtu yeyote aliyelelewa baina ya Bungoma na Kitale. Wazee humwita Masinde wa Nameme, na watoto hulisikia jina hilo kabla hawajajua kusoma, aghalabu likiandamana na habari za laana zake, ambazo inasemekana hazikuwahi kuanguka chini. Hata hivyo, msomi anayeketi kuandika makala ya kitaaluma kumhusu mtu huyu hukumbana upesi na tatizo. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yake wakati wa uhai wake yaliandikwa na watu waliomwinda: polisi, makamishna wa wilaya, wamishonari, hata madaktari wa wagonjwa wa akili. Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha yake kwa mtazamo mwingine, yaani kama mtu aliyehifadhi urithi wa kihistoria kabla ya dhana hiyo kupata nafasi ya maana katika sheria zetu.

Msomaji atatuwia radhi tukianza miaka kumi na mitano hivi kabla ya kuzaliwa kwake. Mnamo mwaka wa 1895, C. W. Hobley, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa na kituo chake Mumias, aliongoza majeshi dhidi ya Wabukusu, ambao wakati huo wageni waliwaita Wakitosh. Aliandamana na askari wa Kisudani pamoja na wapiganaji wa Kiganda na wa Kimaasai. Mapigano yalianza Lumboka, yakaishia Chetambe, ngome iliyojengwa juu ya kilima karibu na mji unaoitwa Webuye leo. Ngome hiyo haikuwa ya mawe. Ilikuwa ya udongo na handaki, kama zilivyokuwa ngome nyingi za eneo hilo, na udongo hauwezi kushindana na bunduki ya rashasha. Mamia ya watu waliangamia, na ng'ombe wakaswagwa. Watachoni nao huihesabu Chetambe kuwa yao, na mjadala huo baina ya majirani haujapoa. Sisi tunauona kuwa dalili njema, kwa maana watu hawagombanii kitu wasichokithamini.

Masinde alizaliwa kati ya mwaka wa 1910 na 1912 katika eneo la Kimilili. Ina maana kwamba watu waliomlea walikuwa wameiona Chetambe kwa macho yao, au walikuwa wamepoteza baba na kaka huko. Kwao vita hivyo vilikuwa matanga ambayo hayajaanuliwa. Jambo hili likisahaulika, maisha yake yote huonekana kama mfululizo wa vitimbi vya mkorofi.

Ujanani alikuwa mwanasoka hodari. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka wa 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alikuwa pia muumini wa Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, na aliwahi kuwa tarishi wa mahakama ya Kiafrika, kazi iliyomfanya apeleke samansi kwa niaba ya utawala uleule ambao angekuja kuukaidi. Katikati ya miaka ya 1930 alioa mke wa pili, na kanisa likamtenga. Waandishi wengine hulifanya tukio hilo kuwa chanzo cha uasi wake wote. Hatukubaliani nao. Wanaume wengi walitengwa na makanisa kwa sababu hiyohiyo na wakaendelea kulima mashamba yao kimya. Kilichomtofautisha Masinde ni swali alilolibeba kutoka hapo: ikiwa dini ya wageni inamkana mtu kwa kufuata desturi ya babake, je, dini ya babake iliitwaje, na ni nani anayeitunza?

Jibu lake, mwanzoni mwa miaka ya 1940, lilikuwa Dini ya Msambwa, aliyoiongoza pamoja na akina Benjamin Wekuke na Joash Walumoli. Jina lenyewe linastahili kuchunguzwa na sisi wanafunzi wa Kiswahili, na ni ajabu kwamba hatujafanya hivyo vya kutosha. Dini ni neno lililotujia kutoka Kiarabu kupitia pwani. Msambwa limetokana na Lubukusu, ambamo huanza kwa kiambishi kumu- katika umoja na kimi- katika wingi, nalo huhusu mizimu ya wahenga na nguvu zake kwa walio hai. Katika jina la dini hiyo, kiambishi kile kirefu kimekatwa kikawa m-, na maneno mawili yakaunganishwa kwa kihusishi cha Kiswahili. Kwa hiyo, vuguvugu lililotaka kurejesha mila za nyumbani lilijibatiza kwa lugha isiyo ya nyumbani. Hatuoni kinaya hapo. Tunaona nia ya kusikika nje ya Bukusu, na kwa kweli lilisikika: liliwafikia Wapokot, ambako mfuasi mmoja, Lukas Pkech, aliuawa mwezi wa Aprili 1950 katika mapigano ya Kolloa, Baringo, yaliyoangamiza maafisa wa Kizungu na Wapokot wengi.

Mafundisho yenyewe yalimhusu Wele, Mungu wa Wabukusu, mlima Masaba ambao ramani huuita Elgon, na matambiko kwa waliotangulia. Yalihusu pia ardhi. Upande wa mashariki, Trans Nzoia ilikuwa imetengewa walowezi wa Kizungu, Kitale ikawa mji wao, na reli ikawafikia mnamo 1926. Wabukusu waliokuwa wakilisha mifugo katika nyanda hizo waligeuka maskwota, wakitoa jasho kwa ajili ya mashamba ambayo babu zao waliyaita kwa majina mengine. Masinde alitaka Wazungu waondoke. Hakuficha. Wafuasi wake walilaumiwa kwa kuteketeza majengo katika mashamba ya walowezi, na hatuna budi kukiri kwamba moto huo haukuwa wa mafumbo. Anayetaka kumfanya Masinde kuwa mhifadhi mpole wa mila atakuwa anaandika juu ya mtu mwingine.

Mwaka wa 1944 alikaidi amri za kung'oa magugu na za watu kuchukuliwa kwenda kufanya kazi, akakamatwa. Mwaka uliofuata aliamuliwa kuwa mwendawazimu na kupelekwa hospitali ya Mathari, Nairobi, ambako alikaa hadi mwaka wa 1947. Je, alikuwa mgonjwa? Hatuwezi kulijibu swali hilo kwa kusoma cheti, kwa sababu waliokiandika walikuwa tayari wamefikia uamuzi kwamba Mwafrika anayedai kuwa mizimu yake ni sawa na malaika wao hana akili timamu. Tunachoweza kukipima ni alichokifanya alipotoka.

Alikwenda Chetambe. Mwezi wa Septemba 1947 aliwaongoza watu, wanaokadiriwa kuwa maelfu, hadi kwenye ile ngome iliyovunjwa, wakatoa kafara kwa ajili ya waliouawa mwaka wa 1895. Tafakari, msomaji, maana ya kitendo hicho. Miaka 52 ilikuwa imepita. Hakukuwa na bango, uzio, mlinzi wala tangazo la serikali la kuilinda sehemu hiyo. Wafu wake hawakuwa wamefanyiwa ibada ya pamoja iliyowastahili. Masinde aliwakusanya watu mahali pale, akawafanya watamke kwa vitendo kwamba hapa ndipo palipotokea jambo fulani, na kwamba jambo hilo lina wenyewe. Wahifadhi wa leo husema kwamba mahali pa kihistoria huhifadhiwa kwanza na jamii inayopakumbuka. Serikali ya kikoloni ililielewa jambo hilo kuliko tunavyodhani, ndiyo maana ilishtuka.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Mnamo Februari 1948 umati wa waumini ulikabiliana na polisi huko Malakisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mwezi huohuo. Masinde alisakwa, akakamatwa, na safari hii hakupelekwa hospitalini. Alipelekwa Lamu.

Hapa inafaa tutulie kidogo. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya kuzuru magofu ya udongo alipelekwa katika mji wa mawe ambao ungekuja kuwa mfano mkuu wa uhifadhi wa urithi katika nchi yetu. Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake juu ya uhifadhi wa Lamu mwaka wa 1976, na mwaka wa 2001 mji huo ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Makala juu ya milango yake, misikiti yake na tendi zake yanaweza kujaza kabati. Masinde aliishi kizuizini katika mandhari hayo kwa zaidi ya mwongo mmoja, akaachiliwa uhuru ukiwa umekaribia. Alipotoka, ngome yake ya udongo ilikuwa bado haijaandikiwa hata sehemu ndogo ya maneno hayo.

Tofauti hii haitokani na thamani ya historia. Inatokana na aina ya ushahidi. Jiwe hudumu na husomeka, karatasi huwekwa faili, lakini handaki hufukiwa na mvua, na habari zake hukaa vinywani mwa wazee. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupeleka makala juu ya Chetambe katika jarida moja, ambalo hakuna haja ya kulitaja. Yalirejeshwa na agizo kwamba kila simulizi iungwe mkono na chanzo kilichochapishwa. Kwa vita vya 1895, chanzo cha kuchapishwa cha mtu aliyekuwapo ni kumbukumbu za Hobley mwenyewe, zilizotoka mwaka wa 1929. Kwa maneno mengine, mshindi ndiye angemthibitishia mshindwa kwamba alishindwa. Nilikasirika, lakini baada ya hasira kupoa nilikubali kwamba mhariri alikuwa na nusu ya hoja. Sikuwa nimeeleza ni nani aliyenisimulia nini, ana uhusiano gani na walioshiriki, na simulizi yake inatofautiana wapi na ya jirani yake Mtachoni. Gideon Were alituonyesha njia tangu mwaka wa 1967, alipochapisha historia ya Abaluyia na, katika kitabu tofauti, matini za simulizi alizozikusanya, ili msomaji aweze kupima mwenyewe. Anayeandika juu ya uhifadhi wa urithi wa magharibi mwa Kenya bila kufanya hivyo anamwomba mhariri amwamini kwa macho makavu tu.

Uhuru haukumpa Masinde raha. Dini ya Msambwa iliandikishwa rasmi mwaka wa 1964, kisha serikali ya Waafrika ikaipiga marufuku tena mwaka wa 1968, ikidai kwamba ilivuruga amani. Yeye mwenyewe alifungwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Aliwakemea wakubwa wapya kwa ukali uleule aliowatolea Wazungu, na aliwakataza wafuasi wake baadhi ya mambo ambayo raia yeyote mwenye busara angeyahitaji. Hatumtetei katika hilo. Lakini inasikitisha kwamba dola iliyotumia jina lake kujipamba kama mpigania uhuru haikuweza kumvumilia akiwa hai. Aliachiliwa kutoka gerezani mwaka wa 1978, baada ya mabadiliko ya uongozi wa nchi.

Ni katika miaka hiyohiyo ya kufungwa na kufunguliwa ambapo kalamu za wasomi zilianza kumfikia. Mwaka wa 1974 Makumbusho ya Kitaifa yalifungua makumbusho Kitale, ya kwanza nje ya Nairobi na pwani, kutokana na mkusanyiko wa vipepeo, ndege na vitabu ulioachwa na mlowezi Hugh Stoneham aliyefariki mwaka wa 1966. Kwa hiyo, mji ambao Masinde alitaka urudishiwe wenyewe ulipata nyumba ya kumbukumbu kupitia wosia wa mmoja wa wale aliotaka waondoke, na baadaye nyumba hiyo ikaweka ndani yake vyombo na makazi ya jamii za eneo hilo. Mwaka wa 1977 Audrey Wipper alichapisha kitabu kilichoichunguza Dini ya Msambwa sambamba na Mumbo ya Gusii na Nyanza. F. E. Makila alitoa historia ya Wabukusu mwaka wa 1978, na Vincent Simiyu akaandika wasifu wa Masinde mwaka wa 1997, miaka kumi baada ya kifo chake. Vyote hivyo viko kwa Kiingereza. Mfuasi wa kawaida wa Dini ya Msambwa, ambaye jina la dini yake ni la Kiswahili, hana wasifu kama huo wa kiongozi wake ambao angeweza kuusoma bila mkalimani.

Masinde alifariki mwaka wa 1987. Wale waliomfahamu katika uzee wake wangali wapo Kimilili, Webuye na katika vijiji vya Trans Nzoia, ingawa hupungua kila mwaka. Safari kutoka Bungoma hadi Webuye kwa matatu haifiki saa moja, na kutoka hapo kilima cha Chetambe kinaonekana wazi.