Stanley wa Bagamoyo: Mwandishi Asiyesomea Uandishi

Vijana wengi wa parokia zetu wakimaliza kidato cha sita hutamani kusomea uandishi wa habari. Wazazi wengine huuliza: kwani kuandika habari nako kunahitaji chuo kikuu? Maisha ya Henry Morton Stanley, mwandishi aliyepita hapa Bagamoyo zaidi ya mara moja, yanatusaidia kujibu.

Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi alipelekwa katika nyumba ya kutunzia maskini, akakulia humo. Mwaka 1859 alivuka bahari hadi New Orleans, Marekani, na huko akajipa jina la Stanley. Tangu hapo alijitambulisha kama Mmarekani, akaficha alikotoka.

Kazi ya uandishi aliijifunza kazini. Mwaka 1867 aliripoti vita vya Wahindi Wekundu kwa gazeti la Missouri Democrat. Mwaka uliofuata, gazeti la New York Herald lilimpokea kuandika vita vya Waingereza na Mfalme Tewodros wa Uhabeshi. Akiwa njiani kwenda huko, alimlipa karani wa telegrafu wa Suez ili habari zake zitangulie kutumwa. Zikatangulia kweli, London ikapata habari za ushindi kupitia kwake. Alikuwa hodari na mwepesi, lakini tayari tunaona mtu ambaye kushinda kwake kulitangulia mengine.

Mapema mwaka 1871 alifika Bagamoyo akitumwa na gazeti lake kumtafuta Dk. Livingstone. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilikuwa na miaka mitatu tu, nao wakamkaribisha mezani. Wapagazi wake waliondoka kwa makundi, la mwisho likitoka tarehe 21 Machi. Askari wa msafara waliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, mzoefu wa njia za bara. Mwaka huohuo walimkuta Livingstone Ujiji.

Aliporudi Ulaya mwaka 1872, wengi hawakumwamini. Magazeti yalifichua kwamba yule Mmarekani ni mtoto wa Wales. Na aliyeficha asili yake angeshindwaje kutunga safari? Ilibidi jamaa za Livingstone wathibitishe kwamba barua alizoleta ni za kweli. Hata zile salamu maarufu za Ujiji zina mashaka hadi leo: kurasa za siku hiyo katika shajara yake zilichanwa, na Livingstone hakuzitaja. Jambo alilolifanya kweli, kwa jasho na homa, likasimama kizimbani kwa sababu ya yale aliyoyaficha.

Mwaka 1874 aliondoka tena Bagamoyo. Alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, aliandika barua ya kuomba wamisionari, ikachapishwa London katika Daily Telegraph mwaka 1875. Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadre Weupe mwaka 1879. Barua moja gazetini iliitikiwa na watu waliokuwa tayari kuacha makwao. Lakini mwaka huohuo wa 1875 watu wake waliwapiga risasi wakazi wa kisiwa cha Bumbire, Ziwa Viktoria. Yeye mwenyewe aliandika habari hizo, na Waingereza wengi wakakasirika. Watu wa Bumbire hawakuwa na gazeti la kueleza upande wao. Baadaye aliingia kazini kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akamsaidia kuitwaa Kongo.

Stanley alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Miaka minne baadaye, Chuo Kikuu cha Missouri, katika jimbo lilelile la gazeti aliloliandikia vita, kilifungua shule ya uandishi wa habari, mojawapo ya za kwanza duniani. Kwetu, waandishi walifundishwa Nyegezi, Mwanza, kabla hata ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kuanzishwa hapo mwaka 1998.

Basi chuo kinamwongezea nini kijana? Ujasiri, macho ya kuona na kalamu nyepesi Stanley alikuwa navyo vyote. Alichopungukiwa ni nidhamu: kuhakikisha kabla ya kuandika, kumsikiliza asiye na sauti, kutouza kalamu kwa mwenye nguvu. Hayo darasa linaweza kuyafundisha. Lakini kusema kweli kunaanzia nyumbani na kwenye maungamo, kabla ya barua ya kujiunga na chuo kufika. Mzazi, mruhusu mwanao akasome. Nawe kijana, chunga jina lako mapema: habari yako itaaminiwa kwa kadiri wewe mwenyewe unavyoaminiwa.