Mtoro bin Mwinyi Bakari: alifundisha Berlin, akazuiwa kushuka kwao

Miaka kadhaa iliyopita mimi na walimu wenzangu wachache tulipata safari ya kubadilishana uzoefu nchini Ujerumani, katika jimbo la Rheinland-Pfalz, ambalo lina ushirikiano na Rwanda tangu mwaka 1982. Hatukulala hotelini. Kila mmoja wetu alikabidhiwa kwa familia ya kumpokea. Mimi niliyetoka hapa Busasamana, kwenye mashamba ya viazi chini ya milima ya Virunga, niliangukia kwa mzee mmoja na mkewe karibu na mji wa Mainz.

Walinitunza vizuri. Kila jioni, baada ya chakula, yalianza maswali. Kwetu mahari hutolewaje? Maiti hukaa ndani siku ngapi? Kwa nini salamu zetu ni ndefu hivyo? Usiku wa tatu niligundua kwamba wenyeji wangu hawakuwa wakizungumza nami tu, bali walikuwa wakinisoma kama kitabu. Hapo nikamkumbuka mtu aliyewahi kukaa katika kiti kile kabla yangu, kwa zaidi ya miaka mia moja. Leo nawasimulia maisha yake, kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa kuvuka mipaka na watu waliorudi nyumbani.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa mnamo mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo, katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania. Alisoma Kurani, akawa mwalimu. Wajerumani walipoishika nchi, alifanya kazi ya kukusanya kodi ya nyumba katika sehemu za Bagamoyo. Aidha, alikuwa mtu wa safari. Habari za safari yake ya Udoe na Uzigua zilichapishwa mwaka 1901 katika kitabu kilichokusanywa na Mjerumani Carl Velten, pamoja na safari za Waswahili wengine.

Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin. Huko kulikuwa na chuo cha lugha za mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887, ambacho kiliwafundisha Kiswahili maofisa na watu wengine waliokuwa wakijiandaa kwenda Afrika Mashariki. Wakati huo Rwanda nayo ilihesabiwa kuwa ndani ya koloni hilo. Mtoro alikuwa mmoja wa Waafrika waliowafundisha kutamka, kusoma na kuzungumza. Lakini cheo chake kilikuwa chini ya kile cha walimu wa Kizungu, ingawa lugha yenyewe ilikuwa yake.

Kazi yake kubwa ilitoka mwaka 1903 mjini Göttingen. Kitabu kiliitwa Desturi za Wasuaheli, na jina lililowekwa mbele lilikuwa la Velten, ingawa mwandishi wake mkuu alikuwa Mtoro. Humo mna habari za kuzaliwa na kulea, jando, ndoa, ngoma, utani, utumwa, madeni na hukumu. Ndugu zangu wafanyabiashara wangefurahia sehemu za safari za bara: jinsi mtu wa pwani alivyokopa mali kwa Wahindi, alivyotafuta wapagazi, na jinsi alivyolipa hongo kwa wakubwa wa njiani ili apite. Ukisoma habari hizo za hongo, huwezi kujizuia kutabasamu. Waulize akina mama wanaovuka hapa kila asubuhi na mabeseni ya vitunguu kichwani, jeto mkononi.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani. Bila shaka hapo ndipo mambo yalipochafuka. Mwafrika kuwafundisha Wazungu lilikuwa jambo la kuvumiliwa, lakini kuoa kwao lilikuwa jambo jingine. Wanafunzi walimdharau na kumtukana, na mwaka 1905 kazi yake chuoni ikakatika.

Aliamua kurudi kwao pamoja na mkewe. Wakapanda meli, wakavuka bahari, wakafika pwani ya Afrika Mashariki. Lakini serikali ya koloni, ambayo gavana wake alikuwa von Götzen, haikukubali mume Mwafrika na mke Mzungu waishi pamoja mbele ya macho ya wenyeji. Walizuiwa kushuka, wakarudishwa Ujerumani. Von Götzen huyo ndiye aliyepita katika nchi yetu mwaka 1894 na kufika kwa Mwami Rwabugiri, ambaye alimpokea kama mgeni.

Msomaji, habari hiyo naielewa vizuri. Mimi nilizaliwa Masisi kwa wazazi walioondoka Rwanda mwaka 1959. Mwaka 1996 niliporudi katika nchi niliyokuwa nikiisikia tu kwenye simulizi za baba, nilikuwa na mke wangu, Mhunde. Mimi niliruhusiwa kupita. Yeye aliwekwa kando siku mbili na karani mmoja, kwa kuwa karatasi zake hazikumridhisha. Nililala naye nje, juu ya mawe ya volkano, nikiwa na nyumbani kwangu mbele ya macho. Sisi tulipita siku ya tatu. Mtoro hakupita kamwe.

Huko Ujerumani alihangaika kudai haki yake bila mafanikio. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 alifundisha Hamburg, katika Taasisi ya Kikoloni, akimsaidia Profesa Carl Meinhof. Baadaye alirudi Berlin, akajitafutia riziki kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika na kuonyesha picha. Alifariki huko mwaka 1927, akiwa bado hajarudi Dunda.

Hata hivyo, kitabu chake kilirudi. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1981, na wanaotafuta habari za pwani ya zamani hawawezi kumkwepa. Kwetu Rwanda, tuliojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Watoto ninaowafundisha hapa Busasamana wanastahili kujua kwamba lugha hii iliwahi kuwa na walimu Ulaya, tena walimu weusi.

Siku ya mwisho kule Mainz, niliwaomba wenyeji wangu zamu ya kuuliza. Nilitaka kujua wao nao huzikaje, huoaje, na mtoto wao akileta mke kutoka mbali humpokeaje. Tulikaa hadi usiku wa manane. Nadhani Mtoro naye angependa kuulizwa kidogo na kuuliza sana.

Nasi tunaoishi mpakani, mwenzetu akirudi na mke, mume au mtoto wa upande wa pili, tusianze na karatasi zake. Tumpe maji kwanza, na kiti.