Jespersen, Mtetezi wa Vitenzi Vyepesi

Ukipita Kaloleni, Jericho au Majengo ya Pumwani, mitaa ya mashariki ya Nairobi, wakati wa magharibi, utawasikia vijana wakisema wanapiga stori, wanapiga luku, wanapiga simu. Wako wazee wenye asili ya pwani ambao husikitika, wakidai kuwa lugha imeharibika na kila jambo sasa limekuwa ni kupiga. Lau wangalijua kisa cha mtaalamu mmoja wa Denmark, Otto Jespersen, pengine hukumu yao ingalipungua ukali.

Jespersen alizaliwa mjini Randers tarehe 16 Julai, 1860. Angali kijana alijifundisha mwenyewe Kiaislandi, Kitaliano na Kihispania kwa vitabu vya sarufi. Mwaka 1877 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea sheria, lakini moyo wake haukuwa huko. Mwaka 1881 aliiacha sheria akashika lugha, huku akijipatia riziki kwa kuandika hati mkato za mijadala ya bunge. Kuanzia 1893 hadi 1925 alikuwa profesa wa Kiingereza katika chuo kile kile.

Zama zile wataalamu wengi wa Ulaya waliona kuwa lugha bora ni ile yenye viambishi vingi kama Kilatini, na kwamba lugha iliyovipoteza, mfano wa Kiingereza, imechakaa. Katika kitabu chake cha 1894 Jespersen aliwapinga. Alishikilia kuwa kurahisika si kuharibika. Huenda kukawa ndiyo maendeleo yenyewe.

Kazi yake kuu ilikuwa sarufi ya Kiingereza ya juzuu saba, iliyoanza kutoka mwaka 1909. Juzuu ya sita ilitoka 1942, yeye akiwa mzee wa miaka themanini na ushei, na nchi yake ikikaliwa na majeshi ya Ujerumani. Humo ndimo alimoviita vitenzi fulani kuwa ni vyepesi. Alionyesha kuwa Mwingereza, badala ya kusema ametembea, hupenda kusema amechukua matembezi. Badala ya kushusha pumzi, hutoa pumzi. Kitenzi hubeba nafsi na wakati tu. Uzito wa maana uko katika jina linalofuata. Tena jina hilo ni rahisi kuliongezea sifa.

Kupiga kwetu ni vivyo hivyo. Apigaye pasi haichapi nguo, na apigaye simu haigongi. Wala jambo hili halikuzaliwa Nairobi. Mababu zetu walipiga hodi, wakapiga mbizi, wakapiga makasia. Naye aliyesoma chuoni anajua kuwa hata Kiarabu cha Kurani hupiga mfano kwa kitenzi kile kile cha kupiga.

Jespersen alifariki Roskilde tarehe 30 Aprili, 1943, na juzuu ya saba ikatoka mwaka 1949, baada ya kifo chake.

Mtoto wa Jericho apigaye stori amechukua neno geni akalipandisha chombo cha wahenga. Tumkosoe penye kosa, lakini tusimwambie kuwa hana lugha. Mtoto aliyekwisha ambiwa hivyo huona haya kufungua kinywa, na lugha isiyosemwa ndiyo inayokufa.