Walter Reuther: Fundi aliyeuliza mashine zitanunua magari lini

Ukiingia leo kwenye ghala kubwa la Marekani, utakuta vigari visivyo na dereva vinapita chini ya rafu, vinazinyanyua na kuzipeleka kwa mfanyakazi aliyesimama sehemu moja. Zamani yeye ndiye angetembea kuifuata bidhaa. Kwenye viwanda vya magari nako vipuri vingi vinajileta vyenyewe.

Je, faida ya kazi hiyo inayofanywa na mashine iende kwa nani? Kuna jamaa alilipigania swali hilo tangu miaka ya 1950, na haikuwa kazi rahisi.

Ni Walter Reuther, aliyezaliwa Septemba 1, 1907 mjini Wheeling, West Virginia. Alikuwa fundi wa kutengeneza kalibu za chuma, zile zinazotumika kutoa umbo la vipuri. Mwaka 1927 alihamia Detroit, akaajiriwa Ford. Kazi ilipokwisha mwaka 1932, yeye na mdogo wake Victor wakaenda Ulaya, na baadaye wakafanya kazi katika kiwanda cha magari mjini Gorky, Urusi ya Kisovieti.

Aliporudi akaingia chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Mei 26, 1937, yeye na wenzake walikwenda kugawa vipeperushi nje ya kiwanda cha Ford cha River Rouge. Walinzi wa kampuni wakawashushia kipigo kwenye daraja la waenda kwa miguu. Picha za Reuther akiwa na damu usoni zikaenea nchi nzima. Ford ilikubali mkataba na UAW miaka minne baadaye.

Mwaka 1946 akachaguliwa rais wa chama. Miaka miwili hivi baadaye, Aprili 1948, akapigwa risasi kupitia dirisha la jikoni kwake. Alipona, ila mkono wa kulia haukurudi kama zamani.

Halafu ikaja mashine.

Ford ilifungua kiwanda kipya cha injini Cleveland mwaka 1951. Humo bloku ya injini ilihama kutoka mashine moja hadi nyingine bila mtu kuinyanyua, kuigeuza wala kuisukuma. Miaka hiyo hiyo kampuni ya Barrett Electronics ilikuwa inatengeneza gari la kuvuta mizigo ghalani lisilo na dereva, likifuata waya. Babu wa vile vigari vya leo, kwa kifupi.

Reuther alipotembezwa Cleveland, ofisa mmoja wa kampuni alimtania: mashine hizi utazitoza vipi ada ya chama? Yeye akajibu kwamba kinachomsumbua ni namna Ford itakavyoziuzia magari. Wengi husimulia kwamba aliyetaniana naye ni Henry Ford wa Pili. Inapendeza, lakini Reuther mwenyewe alimtaja tu kama ofisa wa kampuni.

Mwaka 1955 alilipeleka suala hilo mbele ya Bunge la Marekani. Hakutaka mashine zizuiwe. Alitaka mfanyakazi apate mgao wake: mishahara ipande uzalishaji unapopanda, na anayesimamishwa kazi asiachwe mikono mitupu. La kwanza alishaanza kulipata kwenye mkataba wa General Motors wa 1948. La pili lilikuja mwaka huo huo wa 1955, Ford ilipokubali kuchangia mfuko wa kuongezea posho ya serikali kwa wafanyakazi waliosimamishwa. Kwa wakati ule, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Lakini posho haikurudisha kazi. River Rouge ilikuwa na wafanyakazi wapatao 85,000 mwaka 1945. Kufikia 1960 walibaki kama 30,000. Baadhi ya kazi zilimezwa na mashine, nyingine zilihamishiwa viwanda vipya, kikiwemo hicho cha Cleveland. Tawi la UAW la River Rouge, Local 600, lilitaka dawa kali zaidi: watu wafanye kazi saa 30 kwa wiki, walipwe za saa 40, ili kazi iliyobaki igawanywe kwa wengi. Reuther alikataa. Hapo ndipo alipowakwaza watu wake mwenyewe, na ukitazama hesabu ya River Rouge ni ngumu kusema walikuwa wanadai makuu.

Alifariki Mei 9, 1970, akiwa na miaka 62. Ndege ndogo aliyopanda na mkewe, May, ilianguka karibu na Pellston, Michigan, wakielekea kituo cha mafunzo cha chama huko Black Lake.

Dai la Local 600 halikufa naye. Kwenye mgomo wa 2023 dhidi ya Ford, General Motors na Stellantis, UAW iliingia mezani ikitaka wiki ya saa 32 kwa malipo ya saa 40. Ilitoka na nyongeza nzuri ya mishahara. Saa 32 haikuzipata.