George Whitehouse, mhandisi aliyeshusha reli kwa kamba

Kila mwenye chukudu wa Kitshanga anajua hii hesabu: mteremko unakubebea mzigo bure, mlima unakudai yote. Magunia ya viazi yakishuka kuelekea Sake, mtu anakaa juu yake tu, anashika breki. Kurudi ni kusukuma. Sasa tuwaze chukudu mbili zimefungwa kwa kamba moja, na kamba inazunguka gurudumu kule juu. Yenye mzigo ikishuka, inavuta ile tupu ipande. Hiyo ndiyo funikulari, hakuna uchawi ndani.

Lynmouth, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, iko na moja tangu 1890. Gari la juu linajazwa maji ya mto, linakuwa zito, linashuka na kuvuta lile lililo kando ya bahari. Haili makaa wala mazutu, na inatembea hata leo. Lakini hiyo ni ya watu wanaokuja kutembea. Ile ya kwetu Afrika ya Mashariki ilikuwa ya kazi ngumu, na aliyeongoza kazi hiyo ni George Whitehouse.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1857. Desemba 1895 alifika Mombasa, tayari mzoefu wa reli katika nchi zingine, akiwa mhandisi mkuu wa njia ambayo serikali yake ilitaka ifike Ziwa Victoria upesi, kabla wazungu wengine hawajawahi kushika Uganda na chanzo cha Nile. Kule London wengi walisema pesa zinatupwa porini. Whitehouse alianza na tatizo la kwanza: Mombasa ni kisiwa. Akajenga daraja la mbao, kiisha akaingia jangwa la Taru, pasipo maji. Mwaka 1898, huko Tsavo, simba wawili walikula wafanyakazi mpaka kazi ikasimama. Mwaka huo huo Whitehouse mwenyewe alitembea mpaka ziwani kutafuta njia iliyo fupi kuliko ile iliyopimwa mbele.

Mei 1899 reli ilifika Nairobi. Hapo palikuwa tambarare yenye maji, hakuna mji. Mbele kidogo, ardhi inakatika. Sisi wa Masisi tunaishi kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, kwa hiyo hatuhitaji maelezo mengi: unatembea kwenye baridi ya juu, na mara moja unaona bonde lote chini ya miguu yako. Kule Kikuyu treni ilipashwa kushuka zaidi ya mita 400. Treni haishuki kama mbuzi. Inahitaji njia inayozunguka pole pole kwenye mbavu za mlima, na madaraja marefu ya chuma juu ya makorongo. Kazi ya miaka, si ya miezi.

Kumngoja huyo mlima kungesimamisha kila kitu. Basi Whitehouse akakubali jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linamfanya astahili kukumbukwa: akajenga njia ya muda, ya kamba za chuma, ishuke moja kwa moja. Iligawanywa vipande vine. Viwili vya katikati vilikuwa vikali sana, hata behewa halikuweza kusimama juu ya reli bila mzigo kumwagika. Huko walitengeneza vibebeo vyenye mgongo uliolala sawa, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Behewa likapanda juu ya kibebeo kama mtoto mgongoni, likashuka bila kuinama. Uzito wa kilichoshuka ulivuta kilichopanda. Namna hiyo zilipita reli, mataruma, chakula, hata vichwa vya treni.

Ikafanya kazi mpaka 1901. Siku njia ya kudumu ilipomalizika mlimani, reli ya chini ya bonde ilikuwa imekwisha kukaribia ziwa. Kamba zikatolewa. Tarehe 20 Desemba 1901 reli iligusa maji, kwenye ghuba inayoitwa leo Kisumu.

Lakini tusimuandike Whitehouse peke yake, sawa vile vitabu vya zamani vilizoea. Walioshika kamba, walioinua mataruma, walikuwa watu. Kutoka India tu walikuja karibu 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa magonjwa, si kwa simba wale wanaosimuliwa kila siku. Wamasai, Wakikuyu na Wanandi waliona ardhi yao ikipasuliwa bila kuulizwa. Wanandi walipigana miaka mingi. Yeye alipewa cheo cha heshima na mfalme wake, akaitwa Sir. Hata leo kamyo zinazoleta bidhaa Goma kutoka bandari ya Mombasa zinapanda na kushuka bonde lile lile.

Kisumu iliitwa kwanza Port Florence. Wengine husema ni jina la bibi ya Whitehouse, wengine la bibi ya Ronald Preston, aliyesimamia utandikaji wa reli. Wote wawili waliitwa Florence, na mabishano hayajaisha. Whitehouse alikufa mwaka 1938. Miaka kumi baadaye hata ile njia ya madaraja ya Kikuyu iliachwa, ikabadilishwa na nyingine yenye mteremko mpole zaidi.