James Lansing: Fundi wa Spika Aliyelemewa na Madeni

Msomaji wetu aliyepata kuhudhuria harusi mjini bila shaka amekwisha kuziona herufi JBL zikiwa zimebandikwa usoni mwa spika. Ni wachache wajuao kwamba herufi hizo ni za jina la mtu, na wachache zaidi wajuao kwamba mtu huyo aliiaga dunia mwaka 1949 akiwa ameacha karakana yenye kazi bora na daftari lenye madeni matupu. Huyo ndiye tunayependa kumkumbuka leo.

Alizaliwa tarehe 14 Januari, 1902, katika wilaya ya Macoupin, jimbo la Illinois, nchini Marekani, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa James Martini. Nyumba yao ilikuwa na watoto kumi na wanne, naye alikuwa wa tisa. Mikono yake haikutulia tangu utotoni, kwani alipenda kuunda vyombo vya umeme. Ujanani alishika kazi ya ufundi wa magari. Mama yake alipofariki mwaka 1924, alifunga safari ya magharibi hadi mji wa Salt Lake City. Huko alikutana na Ken Decker, mtu aliyejua biashara kama yeye alivyojua waya na sumaku. Mwaka 1927 wawili hao walifungua kiwanda mjini Los Angeles kwa jina la Lansing Manufacturing Company. Jina la Martini likawa limekwisha, na James Bullough Lansing akazaliwa.

Spika zao za mwanzo zilikuwa ndogo, za kuwekwa ndani ya redio za majumbani. Haikupita miaka mitatu ule msukosuko mkubwa wa uchumi wa mwaka 1929 ukaikumba Marekani, na mtu asiye na hakika ya mkate wa kesho hanunui redio mpya. Kilichowanusuru ni sinema. Filamu zilikuwa zimeanza kusema, na watu waliendelea kwenda kuzitazama hata katika dhiki.

Lakini sauti ya majumba ya sinema ilikuwa na kasoro. Sauti nene ilipita katika baragumu refu, ikachelewa kuifikia hadhira kuliko sauti nyembamba, hata kishindo cha kiatu cha mchezaji kikasikika mara mbili. Wahandisi wa kampuni ya filamu ya MGM, wakiongozwa na Douglas Shearer, walikusudia kuiondoa kasoro hiyo, na Lansing ndiye aliyewaundia spika walizozihitaji. Tuzo ya ufundi ya Akademi ya Filamu ya mwaka 1936 ilikwenda kwa Shearer na idara yake. Jina la fundi halikutajwa. Sisi hatuoni ajabu sana, kwani fundi mara nyingi hubaki nyuma ya pazia, na katika sinema spika nayo hukaa nyuma ya pazia.

Mwaka 1939 Decker alikufa katika ajali ya ndege. Hapo ndipo ilipodhihirika nani aliyekuwa akiishika nguzo ya nyumba. Lansing aliweza kukesha akisahihisha unene wa waya, lakini ankara na mishahara vilimshinda. Hali ya kiwanda iliharibika upesi, na mwaka 1941 kilinunuliwa na kampuni ya Altec kwa dola 50,000. Kampuni mpya ikaitwa Altec Lansing, naye akaajiriwa humo kama makamu wa rais, msimamizi wa uhandisi. Mkataba wake wa miaka mitano ulipokwisha mwaka 1946, aliondoka akaanza upya.

Kazi aliyoitoa katika miaka iliyofuata ingetosha kumpa mtu yeyote heshima. Spika yake iliyoitwa D130 ilikuwa na upana wa inchi 15, na koili yake ilikuwa na upana wa inchi 4. Waya wa koili ulikuwa bapa, umesukwa kwa ubavu ili madini mengi zaidi yaenee katika uwazi mwembamba wa sumaku. Kwa hiyo umeme kidogo ulitoa sauti kubwa.

Hata hivyo, ubora haulipi madeni kwa siku moja. Sumaku, waya na mashine hununuliwa leo, na spika huuzwa kesho, na fedha yake hufika keshokutwa. Mwenye mtaji mdogo huangukia katikati. Kwa muda kampuni ya injini za ndege ya Marquardt ilimpa msaada, lakini mwaka 1949 kampuni hiyo ilinunuliwa na General Tire, ambayo haikuwa na haja na biashara ya spika. Msaada ukakatika katika mwaka ule ule ambao uchumi wa Marekani ulikuwa umezorota tena.

Tarehe 29 Septemba, 1949, Lansing alijitoa uhai katika shamba lake la miparachichi huko San Marcos, California. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Alikuwa amekatiwa bima ya maisha ya dola 10,000, na mlipwaji alikuwa kampuni. Fedha hiyo ilimpa pumzi William Thomas, mweka hazina aliyetoka Marquardt, ambaye alishika uongozi na baadaye akainunua sehemu ya mjane, Bi. Glenna. Thomas hakuunda spika, bali alijua kupanga hesabu, na chini yake kampuni ilisimama. Leo ni mali ya Harman, iliyonunuliwa na Samsung ya Korea ya Kusini mwaka 2017.

Jambo moja limesalia. Jina la Lansing lilikuwa limeuzwa kwa Altec pamoja na kile kiwanda cha kwanza, na Altec hawakupenda kuliona kwenye spika za mwingine. Ugomvi huo ulipomalizwa mwaka 1955, warithi wa kazi yake walikubali kutumia herufi tatu tu. Ndizo hizo tunazoziona harusini.